Matundu Matatu Kwenye Karatasi ya Wanawake

Anastazia na Neema, siku ile mliponiaga pale chumba cha chapa cha parokia mliniomba niseme neno, nikasema "asanteni" nikakaa. Mkacheka. Sasa niko nyumbani Nangwa, goti nimelifunga kitambaa, naandika yale niliyokosa kusema. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta herufi kubwa mahali pasipo pake, pitilizeni. Mambo ya mishahara na vyeo sitayagusa. Cheo nilikuwa nacho kimoja maisha yangu yote, nacho ni "mama wa mashine".

Nyinyi mnanijua wa parokia. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye shamba la ngano la serikali, kule tambarare ya Hanang, enzi zile ngano ilikuwa imetanda mpaka macho yanachoka kuifuata. Niliajiriwa kufagia ofisi. Siku ya kwanza nilifika na ufagio wangu kutoka nyumbani, kwa sababu nilidhani kazini mtu anakuja na jembe lake. Aliyenipokea alikuwa mzee Leonsi Sulle, aliyeshika stoo ya karatasi na mashine ya kudurufu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huo ufagio ni wa nani?"

"Wa kwangu."

"Urudishe jioni. Serikali ina mafagio, haina wafagiaji. Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Anayesoma sana anaanza kubishana na karatasi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nyinyi mmezoea kubonyeza kitufe na karatasi inatoka ya moto. Yetu ilikuwa na ngoma ya bati na mkono wa kuzungushia. Kwanza unachukua stensili, karatasi laini yenye nta, unaiweka kwenye taipureta, unaondoa utepe ili vyuma vya herufi vitoboe ile nta. Kisha unaivalisha ngoma, unazungusha, wino unapita kwenye vitobo na maneno yanatokea. Ukipiga herufi "o" kwa hasira, kiini chake kinaanguka, linabaki duara jeusi. Mzee Leonsi alikuwa akiangalia barua ya mtu na kujua alivyoamka siku hiyo. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu kwa kibrashi, unasubiri ikauke, unapiga upya. Miezi ya upepo wa baridi wino ulikuwa mgumu kama samli. Mzee Leonsi aliweka mrija wa wino kwapani, akanywa chai yake taratibu, na chai ikiisha wino uko tayari. Alipostaafu aliniachia mashine na hiyo kazi ya kwapani.

Sasa niwaambie habari za Mwalimu Felista Byera. Alitoka Bukoba, akapangiwa kufundisha elimu ya watu wazima hapo shambani. Msichana mwembamba, sauti ndogo, ukimwona unadhani upepo wetu utamchukua. Kila Jumatano mchana aliwakusanya wanawake kwenye kantini: wake wa wafanyakazi, vibarua, na wengine waliotembea kutoka Gendabi. Mimi niliruhusiwa kuhudhuria kwa sababu nilikuwa nafagia hapo hapo. Uongozi ulisema darasa liwe na ukurasa wake kwenye gazeti la shamba la kila mwezi. Ukurasa wenyewe tukauita Karatasi ya Wanawake. Mimi ndiye niliyeupiga stensili.

Tulivyoanza tuliandika hivi: "Sisi wanawake tunashukuru uongozi. Tutaongeza bidii." Mwezi wa pili tukaandika hivyo hivyo, tukaongeza "zaidi".

Mwalimu Felista akasoma, akatuangalia. "Haya mmeandika nyinyi, au ni redio?"

Paulina, mke wa dereva wa trekta Yohana Qamara, hakuwa na haya. Akasema, "Mwalimu, nikiandika ya kwangu, wewe utafukuzwa na mimi nitapigwa."

"Basi usiweke jina."

"Watajua mwandiko."

"Mwandiko ni wa Veronika na mashine. Wewe lete sentensi moja tu. Ile unayoisema mkiwa kwenye ngano."

Lazima nieleze hiyo ya kwenye ngano. Vibarua wanawake kazi yao ilikuwa kung'oa magugu yanayofanana na ngano. Mnajipanga mstari mmoja upana wa shamba, kila mtu na njia yake, mnatembea pamoja. Huko ndiko tulikokuwa tunaongea, maana msimu wa magugu hata mimi nilitumwa. Mmoja anasema jambo bila kumwangalia mtu, wa pili anachukua, wa tatu anakataa, na hakuna anayesimama. Mwalimu alikuwa ametembea nasi siku moja, akasikia. Kwa hiyo tukapanga ukurasa kama shamba. Kila mwanamke mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, bila jina, bila nukta mwishoni. Ukitaka unasoma mstari wa mmoja peke yake, ukitaka unateremka kwa wote. Msomi mmoja wa idara ya mipango alishika karatasi akaigeuza juu chini akauliza mwanzo uko wapi. Nikamwambia popote atakapoingilia.

Mistari ya kwanza naikumbuka na wenyewe nawakumbuka. Paulina: "mume wangu anasema nikijua kusoma nitasoma barua zake nami nimeshazisoma". Theodora Margwe, aliyepika kantini: "nimezaa tisa na hakuna aliyeniuliza hata mara moja". Elizabeti Bura: "kipande cha shamba kina namba yake mimi naitwa mama wa mtoto wangu". Madereva walibandika ukurasa ule karakana, wakawa wanabishana mstari upi ni wa mke wa nani. Kila mmoja alikuwa na hakika si wa kwake.

Lakini hakuna stensili iliyofika kwenye ngoma bila kupita kwa Bwana Utumishi. Huyu ni Bwana Msofe, mtu wa Tanga, aliyevaa koti mwaka mzima na skafu juu yake. Alikuwa na chupa yake mwenyewe ya dawa nyekundu. Alisoma stensili akiielekeza dirishani, na neno asilolipenda alilipaka. Alisema "ninasafisha". Hakuwa mtu mbaya. Mwanangu alipougua, yeye ndiye aliyetoa gari la shamba likatupeleka hospitali ya Haydom, na hakutaka shukrani. Aliogopa wakubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye. Mstari wa Theodora aliupaka mara ya kwanza. Mwalimu akaenda kuongea naye, wakakaa sana. Akatoka na ruhusa. Alimuuliza Bwana Msofe mama yake alizaa wangapi, basi.

Sasa aje Udamareg. Alikuwa mke kutoka familia za wafugaji wa Gendabi, mrefu, ananyamaza sana, alikuja darasani na ndama wake mgonjwa akamfunga mlangoni. Kwao mzee wa heshima akifa hazikwi kama sisi. Watu wanamjengea kilima cha udongo, miezi wanakijenga, na kilima kile ni chake milele. Cha baba mkwe wake Udamareg kilikuwa kwenye malisho ambayo baadaye yakawa shamba la ngano. Msimu uliotangulia trekta lilikuwa limekula nusu yake. Nusu ilibaki. Na kila mtu alijua kwamba mavuno yakiisha, matrekta yatarudi kulima kipande kile.

Udamareg alileta mstari wake kwa mdomo. Alikuwa bado anajifunza silabi. Alisimama, akasema, mimi nikaandika. Kila alipofika kwa yule mzee alinyamaza pumzi moja, kisha akaendelea. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai au amekufa, wala neno linalokaribiana nalo. Anazunguka. Nikamuuliza Mwalimu niandike nini pale anaponyamaza.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Basi usiandike kitu. Acha nafasi."

Nikaacha nafasi. Mstari ukawa hivi:

"trekta limepita juu ya ——— nusu ya ——— imebaki wakirudi kulima ——— atalala wapi"

Niliwasomea wanawake. Theodora akasema, "Huo usiguswe hata na sabuni."

Bwana Msofe aliushika dirishani muda mrefu. Mwalimu alikuwa ameitwa Katesh kwenye semina ya wiki nzima, kwa hiyo nilisimama mbele yake peke yangu.

"Veronika, haya mapengo ni nini?"

"Ni marehemu, Bwana."

"Marehemu hana jina?"

"Analo. Mwenye mstari haruhusiwi kulitaja."

Akavua miwani. Nilijua alikwishaambiwa ile mila, kwa sababu hakushangaa. "Sikiliza. Habari isiyo na jina ni uvumi, na uvumi sipitishi. Kama kuna kaburi kuna marehemu, na kama kuna marehemu kuna jina. Mama huyo alete jina, nitasaini. Asipoleta, napaka mstari wote. Mimi sijakataa. Umesikia? Sijakataa."

Akajifunga skafu. Alikuwa amepata njia ya kukataa bila kukataa, na niliona kabisa kwamba hakuifurahia.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuwaandikia haya yote. Yule mzee nilimjua. Alikuwa akinunua tumbaku kwa baba yangu, alinishika kichwa nikiwa mtoto. Jina lake ninalo mpaka leo. Mimi si mke wa ukoo ule, hakuna mila inayonifunga. Nikajiambia, Veronika, kaburi litalimwa kwa sababu ya nafasi tatu tupu. Mwalimu hayupo. Udamareg yuko Gendabi. Jaza, msaidie. Nikaingiza stensili, nikapiga jina mara tatu, herufi zikaenea vizuri, hata "o" hazikuanguka. Bwana Msofe alilitazama jina, akanitazama mimi, akasaini. Nikachapa zote. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeokoa ng'ombe mtoni.

Jumatano Mwalimu alikuwa bado hajarudi. Tukakaa kantini, nikagawa karatasi zikiwa bado zinanuka wino. Tulikuwa na desturi kila mtu asome mstari wake mwenyewe. Udamareg alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mbele za watu. Aliweka kidole, akaanza: "Tre-kta. Li-me-pi-ta. Ju-u. Ya." Sote tulikuwa tunamsukuma kwa macho. Kidole kikasogea kwenye neno lililofuata, naye akalisoma kama alivyofundishwa, silabi baada ya silabi, bila kujua ni neno gani. Alitamka silabi ya kwanza. Akatamka ya pili. Kisha akasikia kinywa chake kinakwenda wapi.

Alifunika mdomo kwa shuka. Karatasi ikaanguka.

"Nani amemweka humu?"

Nikasema, "Ni mimi, dada. Bwana Utumishi alisema bila jina hapitishi. Nilitaka kaburi lipone."

"Mstari huu ni wa nani?"

"Ni wako."

"Ni kinywa changu. Uliingiaje?"

Nilitaka kueleza. Paulina akanivuta kanga. "Kaa chini, Veronika. Leo wewe ndiye Bwana Msofe."

Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi, kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye alikuwa akifuta maneno yetu, mimi nilikuwa nimejaza. Ikawa kama Udamareg alifundishwa kusoma ili nimtegee mtego kwa herufi.

Udamareg hakuondoka. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mtoeni." Basi. Tukachukua nyembe za Elizabeti za kukatia uzi, tukakaa chini mchana ule ule na rundo zima, na kila karatasi tukakata jina sehemu tatu. Wanawake walikata kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Vipande vyenye jina tulivikusanya kwenye kitambaa nikampa Udamareg. Hatukumuuliza atavipeleka wapi.

Kitu kimoja hatukukumbuka, nacho ni kwamba karatasi ina pande mbili. Upande wa nyuma kulikuwa na tangazo la Meneja kuhusu lengo la mavuno. Tulipomaliza, tangazo lilikuwa na matundu matatu, na moja lilikuwa limepita katikati ya jina la Meneja mwenyewe. Zilikuwa zimeshakwenda karakana, zahanati na kantini tulipogundua.

Bwana Msofe aliniita asubuhi. Karatasi ilikuwa mezani, mwanga unapita.

"Veronika. Mmemtoboa Meneja."

"Bahati mbaya, Bwana. Tulikuwa tunamtoa marehemu."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi yake. Akanieleza kwamba angeweza kuandika barua ya kunifukuza, na kwamba Mwalimu Felista angebaki huko huko Katesh na asingerudi tena hapa. Nilisimama na mikono nyuma. Alivuta karatasi nyeupe, akaandika mistari miwili, akanisomea: stoo ya karatasi imeingiliwa na panya.

"Panya wanakata mraba, Bwana?"

"Panya wa Hanang wamesoma elimu ya watu wazima," akasema. "Wewe utaenda kikosi cha kuokota mawe mpaka panya wapungue."

Mwalimu alirudi darasani kwake, mimi nikarudishwa kwenye mashine msimu uliofuata, na Karatasi ya Wanawake iliendelea mpaka shamba lenyewe lilipochoka. Tangu siku ile, kila mara mtu aliponyamaza niliacha nafasi, na Bwana Msofe hakuuliza tena. Nyinyi mabinti, mnachapa ushuhuda wa watu, barua za wajane, risala za vikundi. Mtakutana na mtu wa kufuta, huyo mtamjua, ana chupa yake mezani. Mimi nawaonya juu ya mkono wenu wenyewe unapotaka kumsaidia mtu kusema. Muulizeni kwanza. Na kama hayupo, msubirini, hata mwenye saini akikasirika.

Kabla sijaanza kikosi cha mawe nilikwenda Gendabi. Akina mama wa ukoo ule walikuwa wamesema nilete asali kwa ajili ya kilima, ndiyo faini ya kosa langu. Nikatafuta kibuyu cha asali safi, nikatembea nacho kutoka asubuhi. Mke mwenza mkubwa wa Udamareg alikipokea kwa mikono miwili. Udamareg alikuwa anakamua. Nikamsalimia, akaitikia, akaendelea kukamua mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Asali nimeipokea. Wewe bado."

Nikarudi nyumbani.

Kikosi cha mawe kilikuwa cha wanawake. Mavuno yakiisha tulitangulia mbele ya matrekta kuokota mawe yasivunje plau. Udamareg alikuwa humo pia, kibarua kama wengine. Tulifanya kazi siku nyingi mstari mmoja, yeye hasemi nami, na mimi simlazimishi. Kisha zamu ya kipande kile ikafika. Tulitangulia asubuhi, tukaona ile nusu ya kilima imekaa katikati ya mabua, majani yameota juu yake. Msimamizi wa shamba, Bwana Akwilini, alikuja na pikipiki akasimama ukingoni na ramani yake. Trekta la Yohana Qamara likaanza upande wa mlima.

Tuliacha kuokota. Hakuna aliyesema tuache. Trekta lilikwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na kila mara udongo mweusi ulisogea. Udamareg hakukimbia mbele wala hakulia. Alisimama tu, anaangalia. Ni Yohana huyu huyu aliyelima ile nusu ya kwanza, akiwa amepewa ramani isiyo na kitu mahali pale, na sisi sote tulijua.

Trekta likaelekea kilima. Hatua hamsini. Ishirini. Kisha tukaona plau inainuka juu, visahani vinang'aa, na trekta linakata kona pana, linazunguka kilima chote, linashusha plau upande wa pili na kuendelea.

Bwana Akwilini akatupa pikipiki chini, akapunga mikono mpaka Yohana akasimama.

"Yohana! Umeruka kipande!"

"Nimekiona."

"Nani amekuambia upite pembeni?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimesoma."

"Umesoma wapi? Ramani haina kitu hapo!"

"Kwenye karatasi ya akina mama."

"Ile yenye matundu?"

"Hiyo hiyo."

Bwana Akwilini akageuka kututafuta sisi. Tulikuwa wanawake wengi tumesimama mstari mmoja, kila mmoja na jiwe mkononi, kwa sababu ndiyo kazi tuliyopewa. Akatuangalia, akaangalia kilima, akaangalia ramani, akaikunja.

"Haya," akasema. "Zunguka."

Yohana akawasha. Tukarudi kwenye mawe. Karai lilikuwa limejaa, na karai la mawe halibebwi na mtu mmoja. Udamareg aliinama akashika mkono mmoja wa karai, akaninyooshea kidevu kule kwenye mkono wa pili.

"Veronika," akasema, "shika huko."